Abebe Bikila, Niliyemjua kwa Masikio



Katibu wa chama chetu aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ambaye maisha yake yalinisaidia. Nadhani alitazamia kwamba ningemwandika kiongozi wa siasa. Nimemchagua mkimbiaji. Sikupata kumwona hata siku moja. Nilimjua kwa masikio tu, kwa redio na kwa mdomo wa mwalimu wetu wa michezo. Hata hivyo nimekaa naye kwa zaidi ya miaka 50, na mguu wangu wa kushoto unamfahamu kuliko mguu wa kulia.

Niliondoka Ipyana kuja shuleni mwaka 1973 na sanduku la bati. Wanaolijua bonde la Kyela wanajua nililoacha nyuma: mpunga, kakao, michikichi, mvua za Machi hadi Mei zinazogeuza njia kuwa mito, na mbu. Kwetu ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nchi ya joto na homa. Nilifika katika baridi ya shule yetu nikiwa mwembamba kama fito, na sweta la kuazima. Katika mbio za nyika za Jumamosi nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho aliyeketi njiani. Wavulana walinipa jina ambalo sitaliandika hapa, maana baadhi yao watasoma jarida hili nao wataanza upya. Lakini udhaifu ule haukuishia mapafuni. Darasani nilikuwa najua jibu, na mkono haunyanyuki.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule redio ikatangaza kwamba Abebe Bikila wa Uhabeshi amefariki. Jumamosi iliyofuata mwalimu wetu hakutukimbiza. Alitukalisha chini ya miti, akasimulia mpaka kengele ya chakula ikalia, nasi hatukuondoka. Ninayoyaandika ni yale aliyotuambia, pamoja na niliyokuja kuyasoma baadaye.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, nchi ya Shewa. Siku hiyo hiyo, huko Los Angeles, zilikuwa zinakimbiwa mbio za marathoni za Olimpiki. Mwalimu alilipenda sana jambo hilo akalirudia mara mbili. Mtoto huyu alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijijini, akacheza mchezo wa Kihabeshi wa magongo ambao watu hukimbia umbali mrefu wakiufuata mpira. Alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi alikwenda Addis Ababa akaingia katika jeshi la Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hakuwa mwana wa mtu mkubwa. Alikuwa askari wa kawaida, mtu mkimya, ambaye angeweza kumaliza utumishi wake bila jina lake kuandikwa popote.

Kilichomtoa katika ukimya ule kilikuwa mazoezi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kila siku kiasi cha kilometa 20 kutoka vilima vya Sululta hadi mjini, kisha akarudi. Addis Ababa iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, na hewa ya huko ni nyepesi. Mwili unaokimbia katika hewa hiyo hulazimika kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, ambazo ndizo zinazobeba hewa safi kwenda kwenye misuli. Nao moyo ni msuli kama wa paja: ukitumikishwa kila siku hupata nguvu, husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na mtu akiwa amepumzika hupiga polepole zaidi. Haya mwalimu alituchorea mchangani kwa kijiti. Alikuwapo Addis Ababa Msweden mmoja, Onni Niskanen, mwalimu wa mazoezi, na yeye ndiye aliyemwona askari huyu akamtengeneza. Kukimbia polepole, kukimbia kwa kasi, kupumzika, kuanza tena. Hapakuwa na uchawi.

Mwaka 1960 Bikila alipelekwa Roma, akiwa na umri wa miaka 28, hajulikani na mtu nje ya nchi yake. Viatu vipya alivyonunua huko vilimchubua, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu, basi akaamua kuvua. Watu wengi hudhani alikosa fedha za viatu. Hapana, alichagua kile ambacho nyayo zake zilikijua.

Mbio hizo zilikimbiwa tarehe 10 Septemba, zikaanza jua likielekea kuzama na kumalizika usiku. Askari walisimama kando ya barabara ya kale ya Appia wakiwa wameshika mienge. Bikila alikuwa ameambiwa amwangalie sana Mmoroko, Rhadi Ben Abdesselam, atakayevaa namba 26. Lakini Rhadi alivaa namba 185. Kwa hiyo ndugu yetu alikwenda maili nyingi akimtafuta mbele mtu wa namba 26, na huku mtu mwenyewe yuko ubavuni pake! Kila nikifika hapa hucheka peke yangu. Walikimbia bega kwa bega gizani, nyayo moja zikisikika na nyingine hazisikiki.

Karibu na mwisho njia ilipita penye nguzo ya Aksum, nguzo ya mawe ya Wahabeshi ambayo majeshi ya Mussolini yaliichukua baada ya kuivamia nchi yao, yakaisimamisha Roma mwaka 1937. (Ilirudishwa kwao mwaka 2005.) Bikila aliipita nguzo ile ya wazee wake, akaongeza mwendo, akamwacha Rhadi, akafika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi hivyo. Akawa Mhabeshi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Siku nane baadaye, katika mji huo huo wa Roma, yalifunguliwa mashindano mengine ambayo magazeti hayakuyajali sana. Wanamichezo kama 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa katika viti vya magurudumu, walishindana kwa upinde, kuogelea, mpira wa meza na michezo mingineyo. Siku hizi mashindano hayo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nawaomba mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

Habari za Tokyo mwaka 1964 nitazipitia upesi, kwa kuwa ni za ushindi, na ushindi hauna maelezo mengi. Hazikutimia wiki sita kabla ya mbio, alipasuliwa kidole tumbo. Watu walidhani atakwenda kutazama tu. Safari hii alivaa viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Lililotushangaza sisi wavulana ni alilolifanya baadaye. Wenzake walipokuwa wanaingia uwanjani wakiyumba, yeye alikuwa kwenye majani akinyosha miguu na kufanya mazoezi ya viungo, kama mtu aliyetoka kuamka. Mwalimu alitusimamisha wote tukajaribu mazoezi yale pale pale.

Mwaka 1968 huko Mexico mguu wake ulikuwa mbovu, akaacha mbio baada ya kilometa 17 hivi. Mhabeshi mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Katika mbio hizo hizo alikuwamo Mtanzania wetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka akaingia uwanjani wa mwisho, wa 57, usiku umekwisha kuingia. Wengi husimulia kisa cha Akhwari wakasahau kwamba siku ile ile bingwa mkuu kuliko wote alikuwa amekaa kando. Silaumu upande wowote. Kuna maumivu ya kumalizwa, na kuna maumivu ya kuachwa yapone, na mwenye mguu ndiye ajuaye.

Usiku wa tarehe 22 Machi, 1969, Bikila alikuwa anaendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen kaskazini ya Addis Ababa. Gari likapinduka. Alikaa amebanwa ndani yake mpaka asubuhi. Walipomtoa, mtu yule aliyevuka Roma kwa miguu mitupu hakuweza kusogeza kitu chochote kuanzia shingoni kwenda chini.

Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko kwa muda wa miezi minane. Hapo yafaa nimtaje daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Hitler. Mwaka 1944 alifungua pale wadi ya watu walioumia uti wa mgongo. Kabla ya hapo watu wa namna hiyo walihesabiwa kama wafu wanaopumua. Walilazwa tu, wakaota vidonda vya kulalia, wakapata uchafu katika njia ya mkojo, wengi wakafa. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kisha akafanya lililowashangaza wengi: akawapa michezo. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, aliwashindanisha wagonjwa 16 kwa upinde na mshale kwenye majani ya hospitali.

Kwa nini upinde? Sababu yake ni ya kiganga kabisa. Mtu aliyepooza miguu hana budi kuishi kwa mikono, mabega na kiwiliwili, na kuvuta upinde hutia nguvu hapo hapo, tena humfundisha kukaa wima bila kuanguka. Lakini ipo sababu ya pili. Mshale hauulizi kama mtu amekaa au amesimama. Aliyeko kitini anaweza kumshinda mwenye miguu miwili, na siku akimshinda, jambo fulani moyoni mwake hurudi mahali pake.

Kwa Bikila mikono ilirudi polepole. Miguu haikurudi kamwe. Mwalimu alitueleza haya kwa sauti ndogo, nasi wavulana tulikaa kimya. Mtu ambaye mwili wake wote wa thamani ulikuwa miguu ameondolewa miguu. Angeweza kujifungia nyumbani na nishani zake mbili, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alishika upinde. Julai 1970 alishindana pale Stoke Mandeville kwa mishale na mpira wa meza. Hakuwa bingwa, na hilo ndilo lililonishika. Mshindi wa Roma na Tokyo alikubali kuwa mwanafunzi tena, mbele ya watu, katika mchezo ambao wengine walimzidi. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni kwenye michezo ya walemavu, naye hakukubali kukaa tu kama mgeni. Akashindana, na katika mbio za sleji kwenye theluji akawashinda washindani wote 16. Fikirini, Mhabeshi na theluji!

Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi alipoingia na kiti chake. Mmarekani Frank Shorter, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alikwenda kumpa mkono. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Oktoba, alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, matokeo ya ajali ile. Alikuwa na miaka 41. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi, Mfalme mwenyewe akiwapo pamoja na umati wa watu wanaokadiriwa kufika 65,000.

Basi mwalimu alipomaliza, aliniita mimi. Sijui kwa nini mimi. Akaniagiza kuanzia kesho nikimbie peke yangu kabla ya kengele ya kuamka, taratibu, kiasi cha kuweza kuongea huku nakimbia. Nikishindwa kuongea nipunguze, ila nisiketi. Wiki ya kwanza nilifika kwenye daraja. Wiki ya tatu nikalipita. Jinsi ninavyojiamini hakukubadilika kwa siku moja, kama wanavyosema watu wa hotuba. Kulibadilika kama mpunga unavyokua, hauoni ukikua. Ila mwaka uliofuata, katika mbio za nyika, nilikuwa wa 11 katika wavulana zaidi ya 100, na jina lile likafa lenyewe. Darasani mkono ulianza kunyanyuka. Homa? Mbio haziui vijidudu vya malaria, nisiwadanganye. Kwa homa nilipona kwa dawa na chandarua. Lakini mwili uliozoea mbio ulisimama upesi kila ulipoangushwa.

Nikawa karani, nikaoa, nikanenepa, nikaacha mbio. Wengi wenu mnaijua njia hiyo vizuri. Mwaka 2009 nikaangushwa na pikipiki, paja la kushoto likavunjika vibaya, na mguu ukapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Nilirudi Ipyana na magongo mawili. Miezi sita nilikaa barazani. Uzito uliongezeka, damu ikapanda, na jambo baya kuliko hayo, nikaanza kuwakwepa watu. Wakija wageni kunijulia hali, najifanya nimelala. Mama watoto alikuwa anajua sijalala, naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinichoma zaidi.

Alfajiri moja nikamkumbuka Bikila, si yule wa Roma bali yule wa upinde. Upinde sina. Nina mpwa wangu mvuvi huko ziwani, mwenye mtumbwi. Nilimwomba aniweke ndani yake na kunipa kafi. Alicheka, halafu akaona sicheki. Siku ya kwanza nilizunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kizunguzungu, na watoto wa ufukweni wakapata burudani ya bure. Siku ya pili pia. Baada ya mwezi nilikuwa naweza kwenda mbele. Tulitoka mapema, kabla ya upepo wa mwera kuamka na kulichafua ziwa, jua likianza kutokeza juu ya milima ya Livingstone. (Habari za mamba msiniulize, tulikaa mbali na midomo ya mito, yatosha.) Kafi huvuta mabega, mgongo na tumbo, na kwenye mtumbwi hakuna ajuaye mguu upi ni mfupi.

Mabega yalipopata nguvu, gongo moja nililitundika ukutani. Kisha la pili, nikashika fimbo. Leo natembea kutoka nyumbani hadi Kyela mjini na kurudi, siku nne kwa wiki. Wataalamu wa afya wa Umoja wa Mataifa wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mimi nimezihesabu zangu, nazizidi. Presha imeshuka, ingawa dawa bado nameza kama daktari alivyoagiza. Mwaka juzi nilisimama kwenye mkutano wa kijiji kuzungumzia mifereji ya maji ya mvua, nikasema mpaka nikaombwa nikae.

Nimeona katika ratiba ya mkutano wetu wa mwaka huu kwamba kutakuwa na mbio za wazee, kuuzunguka uwanja mara moja. Nimemwandikia katibu aniandike jina. Nitakuja na fimbo, nami nimeomba ruhusa ya kuanza pamoja na wengine, si mbele yao. Wale wawili walionibatiza jina lile mwaka 1973, najua mko hai na najua matumbo yenu. Tukutane kwenye mstari.